Baba ana upofu wa rangi, kaka anao, mimi sina, kapata mtoto wa dada. Na wanangu je?

kitindamimba_tu

Wakuu heshima kwenu. Naomba mwenye uelewa wa mambo ya kurithi aje anifafanulie taratibu maana kwetu tumebishana mpaka watu wamenuniana.

Iko hivi, mzee wangu hatofautishi nyekundu na kijani, kazaliwa hivyo, sisi tumekua tukijua kabisa kwamba mzee ukimwambia niletee ile nyekundu anakuletea yoyote itakayomjia mkononi. Kaka yangu mkubwa naye yuko hivyo hivyo. Mimi naona vizuri, nilishapimwa na ile chati ya vidoti vyenye namba ndani nikasoma zote, na dada yetu naye hana shida. Sasa mtoto wa dada, wa kiume, kaanza shule, mwalimu kashangaa dogo anapaka majani rangi ya kahawia na shina la mti analipaka kijani, kupelekwa kwa daktari wa macho ikaonekana ana upofu wa rangi.

Hapo ndo vita ilipoanza. Wakwe wa dada wanasema kwao hakuna kitu kama hicho. Bi mkubwa anasema hii ni ya wanaume wa ukoo wa mzee, mzee kampa kaka, kwa hiyo ilitakiwa iendelee kwa watoto wa kaka na wangu, huyu wa dada ni wa ukoo mwingine imemfikiaje? Na kweli kaka ana watoto watatu, wa kiume wawili na binti mmoja, wote wanaona rangi fresh.

Mke wangu ana ujauzito wa kwanza. Ninachotaka kujua, je inawezekana mimi nimeibeba kimyakimya bila kuonekana nikaja kumpa mwanangu? Na kwa nini iwaruke watoto wa kaka ikatue kwa dada?

Mzee wa Busara Nusu

Hizo huwa zinaruka kizazi mkuu, ndo kawaida ya vitu vya kurithi. Wewe imekuruka, subiri wajukuu. Hata upara uko hivyo hivyo, ukitaka kujua kichwa chako kitaishia wapi kamwangalie babu mzaa mama.

Maabara Kona

Hapana, haijaruka chochote. Kitindamimba soma polepole, na kwanza weka pembeni habari ya ukoo na ubini maana ndiyo inayowachanganya hapo nyumbani. Hii kitu haifuati jina la baba, inafuata kromosomu X. Kromosomu ni vile vifurushi ndani ya seli vinavyobeba jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi.

Binadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23. Jozi 22 mwanamke na mwanaume wanafanana, ile ya mwisho ndiyo inaamua jinsia, mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X moja na Y moja. Mama akitoa yai lazima liwe na X, moja kati ya zake mbili. Baba yeye akitoa X anazaliwa binti, akitoa Y anazaliwa mtoto wa kiume. Kaa hapo kwanza usiende mbele. Maana yake ni kwamba baba HAWEZI kumpa mwanawe wa kiume X yake, angempa huyo mtoto angekuwa binti. Na kila binti wa huyo baba lazima anayo X yake, hakuna kubahatisha, anayo moja tu ya kugawa.

Sasa jeni zinazotengeneza vipokezi vya rangi nyekundu na kijani ndani ya jicho ziko kwenye X, karibu na ncha yake. Mwanamke ikiharibika kwenye X moja ile nyingine inamuokoa, anaona kama kawaida lakini anaibeba. Mwanaume hana spea, X yake ikiwa na hitilafu basi imeonekana.

Kwa hiyo wewe mwenyewe swali lako jibu lake ni hapana. Mwanaume hawezi kuibeba kimyakimya. Una X moja, ulipewa na mama yako, na unaona vizuri, basi ni nzima. Ukizaa mtoto wa kiume utampa Y, X atapata kwa mkeo. Ukizaa binti utampa X yako nzima, na hata mkeo awe mbebaji huyo binti ataona vizuri, sanasana naye atakuwa mbebaji. Unachotakiwa kuuliza ni upande wa mkeo, baba yake vipi, kaka zake vipi, wajomba zake vipi. Huko ndiko mwanao wa kiume atakakotoa.

Dada yako yeye ni mbebaji hata bila kupimwa, kwa sababu X ya mzee anayo, hakuna namna angeikwepa. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, na kila binti nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji kama yeye. Shemeji yako hahusiki, X ya huyo mtoto haijatoka kwake hata kidogo, wakwe waache kulumbana wako sahihi kabisa.

Watoto wa kiume wa kaka hawakurukwa. X zao zimetoka kwa mama yao. Ila yule binti wa kaka anayeona vizuri ni mbebaji kwa uhakika, mtakuja kuikuta kwa watoto wake nusu ya wa kiume au zaidi au pungufu, mkishasahau mtasema imeruka tena.

Sasa kuna jambo moja kwenye maelezo yako umelipita kama halipo, nalo ndo kubwa. Umesema mzee kampa kaka. Haiwezekani. Kaka ni mwanaume, kwa mzee kapata Y. Hiyo X mbovu kapewa na mama yenu.

kitindamimba_tu

Subiri kwanza. Kwa hiyo bi mkubwa anayesema ni ya ukoo wa mzee naye anayo??

Maabara Kona

Ndiyo. Ni njia mbili tofauti zilizokutana kwenye ndoa moja. Na wala siyo miujiza, kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ambako hili limepimwa sana wanaume kama 8 katika kila 100 wanayo, wanawake wenye tatizo lenyewe hawafiki hata 1 katika 100, lakini ukipiga hesabu wanawake wabebaji wanafika kama 15 katika 100. Sehemu nyingine za dunia idadi ni ndogo kuliko hiyo ila bado ni watu wengi. Mwanaume mwenye upofu wa rangi kuoa mwanamke mbebaji bila wote wawili kujua ni kitu kinachotokea tu. Muulize mama kama ana kaka au mjomba anayechanganya rangi, nabeti hata hajawahi kuwaza.

Binti Mdadisi

Samahani naingilia, hesabu yangu inagoma. Kama mzee anayo na mama ni mbebaji si dada mtu angeweza kuwa nayo kabisa? Maana kwa baba kapata mbovu lazima, na kwa mama ana nafasi nusu ya kupata mbovu nyingine. Wanawake wenye upofu wa rangi si ndo wanavyopatikana hivyo?

Maabara Kona

Binti Mdadisi umeshika penyewe, ndivyo wanavyopatikana. Dada yao alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo na inaelekea mama alimpa ile X nzima.

Inaelekea, nasema hivyo makusudi. Kuna mtego hapa ambao hata vitabu vya shule havigusi. Upofu huu wa nyekundu na kijani siyo kitu kimoja. Kuna wanaume ambao kilichoharibika ni kipokezi cha nyekundu na kuna ambao ni cha kijani, na hawa wa kijani ndo wengi zaidi. Ni jeni mbili tofauti zilizopangana jirani kwenye X. Sasa chukulia mzee yeye ni wa nyekundu na kaka, yaani ile X ya mama, ni ya kijani. Dada akipata zote mbili ataona vizuri tu! Kwa sababu X ya baba ina jeni nzima ya kijani na X ya mama ina jeni nzima ya nyekundu, zinajazana. Anapita chati ya vidoti bila kukwama, halafu anazaa watoto wa kiume na karibu wote wanatoka na upofu wa rangi, huyu wa aina hii na yule wa ile, kwa sababu X yoyote atakayowapa ina kasoro. Karibu wote, siyo wote kabisa, kwa kuwa X mbili za mwanamke, hapa dada, huwa zinabadilishana vipande kabla yai halijakamilika na mara chache sana inaweza kutokea X nzima.

Kwa hiyo kama dada anapanga kuongeza watoto na anataka kujua nafasi yake ni nusu au ni karibu yote, mzee na kaka wapimwe aina. Chati nzuri zina kurasa za mwishoni zinazotenganisha, na daktari wa macho anaweza kuwa na vipimo vingine zaidi. Dalili moja ya mtaani, wale wa kipokezi cha nyekundu huwa wanaiona nyekundu imefifia kuelekea weusi, ukiandika kwa nyekundu juu ya nyeusi hawaoni maandishi.

mama_shujaa

Nimesoma yote na natamani ningeupata uzi huu zamani. Kwenu ni rangi, kwetu ni damu, njia ni ileile.

Mwanangu ana hemofilia A, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Alipoanza kusimama na kuanguka kama watoto wote magoti yanavimba, mwili una mabaka meusi, watu wakaanza kuniangalia vibaya wakijua nampiga. Baadaye tukapimiwa, kiwango chake cha chembe ya kugandisha damu namba 8 (ni protini, siyo seli) kiko chini sana. Basi lawama ikageuka, sasa nimeleta ugonjwa kwenye ukoo wa watu. Nikaulizwa kwetu nani anao, hakuna. Babu hana, wajomba hawana.

Daktari aliyetusaidia akaniambia kitu kilichonipa pumzi, kwamba kama theluthi moja ya wagonjwa wa hemofilia hawana historia yoyote kwenye familia, jeni imebadilika upya, aidha kwa mtoto mwenyewe au kwa mama au kwa mababu wa karibu. Akasema pia kwamba hata ikiwepo siku nyingi inaweza kupita kwa wanawake watatu wanne mfululizo bila mtu kujua kwa sababu hakuzaliwa mtoto wa kiume aliyeipata. Nikapimwa na mimi nikakutwa mbebaji.

Na hapa nataka kuongezea kwa Maabara Kona, kwamba mbebaji "anaona kama kawaida" kwenye rangi sawa, ila kwenye damu siyo hivyo kila mara. Mimi tangu nimevunja ungo hedhi yangu ilikuwa ya kumwagika siku nyingi, nikaambiwa ndo maumbile yangu. Kumbe chembe namba 8 yangu mwenyewe iko chini. Dada zangu, kama una mtoto au kaka au baba mwenye hemofilia, usipimwe jeni peke yake, pimwa na kiwango cha hiyo chembe, kabla hujajifungua na kabla hujang'oa jino. Na mtoto mwenye shida hii asipewe aspirini, na sindano za msuli wasimchome kabla hawajajua hali yake.

Mzee wa Busara Nusu

Pole sana mama. Hii si ndo ile iliyomaliza watoto wa kifalme Ulaya?

mama_shujaa

Ndo hiyo, ila wao walikuwa na aina B, chembe namba 9. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa mbebaji. Mwanawe Leopold alifariki 1884 baada ya kuanguka tu, na mabinti wawili, Alice na Beatrice, wakaibeba mpaka kwenye koo nyingine. Mjukuu wake Alexandra akaolewa Urusi akamzaa Alexei aliyekuwa nayo. Mwaka 2009 waliopima mabaki ya familia ile ya Urusi ndo walithibitisha kwamba ni aina B. Na kabla ya Victoria hakuna aliyejulikana kuwa nayo kwao, kwa hiyo na yeye yawezekana ilianza upya, aidha kwake au kwa mmoja wa wazazi wake. Mimi nikiambiwa nimeleta ugonjwa nawajibu hata malkia alileta.

Binti Mdadisi

😂 umewaweza. Sasa nauliza, selimundu nayo iko kwenye X? Maana nayo wanasema inabebwa.

Maabara Kona

Haiko. Selimundu iko kwenye kromosomu ya 11, haijali jinsia, mtoto lazima achukue kwa baba NA kwa mama ndo aumwe. Ndo maana kwenye selimundu mwanaume anaweza kuwa mbebaji asiyeumwa na kwenye X hawezi. Watu wakichanganya hizi mbili wanaishia kutoa ushauri wa hovyo.

Na upara, Mzee wa Busara Nusu, hiyo ya babu mzaa mama ina ukweli kidogo tu. Kuna jeni moja kwenye X inayohusika na jinsi mwili unavyopokea homoni za kiume na ina mchango mkubwa kwelikweli, lakini ziko nyingine nyingi zimetawanyika kwenye kromosomu nyingine ambazo baba naye anagawa. Kwa hiyo waangalie wote wawili.

zamu_ya_usiku

Nipo wodini nimepata upenyo kidogo. Hakuna aliyegusa G6PD na ndo inayonisumbua mimi kazini kuliko hizo zote, inakadiriwa watu kama milioni 400 duniani wanayo. Ni upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, jeni yake iko kwenye X vilevile. Mtu anaishi zake vizuri miaka yote mpaka siku amepewa dawa kama primakwini au dapsoni, au kala maharage aina ya fava, chembe nyekundu zinapasuka, mkojo unakuwa mweusi kama koka, macho ya njano. Vichanga wengine wanaanza na manjano kali siku za mwanzo. Primakwini inahitajika kumaliza kabisa ile malaria ya vivax inayojificha kwenye ini kwa hiyo siyo dawa ya kuikwepa hivihivi, ni ya kupima kwanza.

Kwenye urithi ni kama alivyosema Maabara Kona, lakini wanawake hapa ni kichwa kuuma. Mwanamke ana X mbili ila kila seli ya mwili wake inazima moja, na inazima kwa kubahatisha, mapema kabisa akiwa bado mimba changa. Mary Lyon ndo aliyelieleza hili mwaka 1961. Kwa hiyo mbebaji wa G6PD ana damu mchanganyiko, chembe nyingine zina kimeng'enya nyingine hazina. Bahati ikienda vibaya seli nyingi zimezima ile X nzima, anaumia karibu sawa na mwanaume. Na kipimo cha haraka cha ndiyo au hapana kinaweza kumwambia yuko salama wakati yuko katikati. Ndo hiyohiyo inayomkuta mama_shujaa na chembe yake namba 8. Ukitaka kuiona kwa macho mwangalie paka jike mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa, kila baka ni kundi la seli zilizozima X ileile. Dume wa namna hiyo ni nadra na akipatikana mara nyingi ana X mbili na Y.

Halafu kitu kingine kwa mtoa mada. Mtu aliyezaliwa na upofu wa rangi haubadiliki. Mtu mzima aliyekuwa anaona vizuri akaanza kupoteza rangi asiambiwe ni ya ukoo, huyo aende hospitali, yawezekana ni mshipa wa fahamu wa jicho, na kama anatumia dawa za kifua kikuu ataje hasa ethambutoli kwa sababu inaweza kugusa huo mshipa na rangi ndo hutangulia kuharibika.

Mzee wa Busara Nusu

Sasa jamani X yote mama, na sisi wababa tunawapa nini watoto wa kiume?? Y tu?

Maabara Kona

Kwa jozi hiyo moja ndiyo, Y tu, zile 22 nyingine unampa nusu kama mwenzio. Na Y ni fupi, jeni zake ni chache sana ukilinganisha na X, ila ndani yake kuna ile inayowasha kiinitete kiwe cha kiume, iligunduliwa 1990. Vitu vinavyopita baba kwa mwana kwa mwana kupitia Y ni vichache na vikubwa ni vya uzazi. Mwanaume mwenye kipande cha Y kilichokatika anaweza kuwa na mbegu chache au asiwe nazo, na akisaidiwa maabara akapata mtoto wa kiume anamrithisha hichohicho. Hapo sasa ndo bi mkubwa wa Kitindamimba angekuwa sahihi kusema ni jambo la wanaume wa ukoo.

kitindamimba_tu

Wakuu mmenifungua. Nimempigia dada nimemueleza, kacheka, kasema atamwambia mama mkwe wake leoleo. Kwa bi mkubwa bado najipanga. Nilimuuliza kiujanja tu kama kuna mjomba anayechanganya rangi, kanijibu mjomba mmoja huwa "havai vizuri" lakini ni ubishi wake tu 😅

Mke wangu kasema kwao baba na kaka zake wote wako sawa. Na huyu dogo tufanyeje, kuna dawa au miwani?

zamu_ya_usiku

Baba mkwe kuona vizuri kunaondoa nusu ya wasiwasi, X aliyompa mkeo ni nzima. Ya mama mkwe kama kaka ni wengi na wote wanaona, nafasi inazidi kupungua japo haifiki sifuri.

Kwa dogo hakuna dawa ya kuponya. Ile miwani ya rangi inayotangazwa inawasaidia baadhi kutofautisha vitu fulani lakini haimpi kipokezi alichokosa, usiuze kitu ukainunue. Mwambieni mwalimu aandike majina ya rangi kwenye penseli zake na asimpe kazi inayotegemea nyekundu na kijani peke yake, asimkosoe mbele ya wenzake. Na akikua ajue mapema kwamba kuna kazi, za urubani kwa mfano, wanapima rangi kabla ya kukupokea.

Wewe mjomba mtu kampeleke mzee na kaka wakapimwe aina, na yule mjomba asiyevaa vizuri mkimuweza naye. Majibu yakitoka rudi hapa, Maabara Kona hatalala.